Mpangilio wa kibodi kwenye Libreboot na GRUB: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye kompyuta yake ina Libreboot, au coreboot (programu dhibiti huria zinazokaa kwenye chipu ya ubao mama badala ya BIOS ya kampuni) iliyowekewa GRUB, programu inayowasha mfumo endeshi, na anakuta kwamba kabla mfumo endeshi haujawaka, herufi zinazotokea si zile zilizochapwa kwenye vitufe vyake. Wengi huanza kulitafuta jambo hili siku GRUB inapokataa nenosiri la diski. Kama uko kwenye hali hiyo sasa hivi, ruka hadi swali la tatu. Data yako ipo, na huna haja ya kufuta chochote.

## Kwa nini kibodi iwe na mpangilio wake kabla hata Linux haijaanza?

Kibodi haijui herufi. Ukibonyeza kitufe, inachotuma ni namba ya kitufe hicho, basi. Kitufe cha kwanza kushoto kwenye safu ya juu ya herufi hutuma namba ileile, kiwe kimechapwa Q kama kwenye laptopu ya Uingereza au A kama kwenye ya Ufaransa. Programu inayopokea namba ndiyo inayoigeuza kuwa herufi, kwa kufuata jedwali lake.

Mradi wa coreboot ulianza mwaka 1999 kwenye maabara ya Los Alamos nchini Marekani kwa jina la LinuxBIOS, ukachukua jina la sasa mwaka 2008. Kazi yake ni kuamsha kumbukumbu na chipu nyingine za ubao mama, kisha kuikabidhi kompyuta kwa programu nyingine. Kwenye Libreboot, iliyoanza mwishoni mwa 2013, programu hiyo huwa GRUB au SeaBIOS, inayowasha kompyuta kwa mtindo wa BIOS ya zamani. GRUB ikianza hapo haina mfumo chini yake wa kuisomea kibodi. Huisoma yenyewe, na kwa hiyo huhitaji jedwali lake yenyewe. Usipoipa, hutumia la Marekani.

## Hili linanihusu mimi?

Angalia laptopu yako ilitoka wapi. ThinkPad kama X200, T400 na X230, ambazo watu wa Libreboot huzipenda, hutufikia zikiwa zimeshatumika Ulaya. Zile zinazouzwa Nairobi kwa jina la ex-UK huwa na kibodi ya Uingereza. Lakini dukani hapohapo utapata ya Kijerumani au ya Kiswidi, na Bujumbura, Kigali na Goma AZERTY ya Kifaransa imezoeleka tangu zamani.

Tofauti ya Uingereza na Marekani ni ndogo, na ndiyo maana inasumbua. Herufi zote ziko mahali pake, namba pia. Ila kibodi ya Uingereza ina alama ya kunukuu juu ya 2 na ina @ karibu na Enter, na jedwali la Marekani ni kinyume chake. Alama ya £ juu ya 3 hugeuka #. Mtu mwenye @ ndani ya nenosiri lake atakataliwa kila mara, na hataona sababu, maana GRUB haionyeshi chochote unapoandika nenosiri.

Kijerumani hubadilishana Y na Z. Ukiandika «yai zuri» GRUB itasoma «zai yuri». Kwa AZERTY mambo ni mazito zaidi: A na Q zimepishana, Z na W zimepishana, na M imehamia kulia kwa L. Neno «wazazi» litasomwa «zqwqwi». Neno «ng'ombe» litasomwa «ng4o;be», kwa sababu alama ya ritifaa kwenye AZERTY iko kwenye kitufe cha 4. Namba nazo kwenye AZERTY huandikwa kwa kushika Shift, kwa hiyo 2024 yako itafika kwa GRUB ikiwa @)@$.

## Nenosiri ni sahihi kabisa lakini GRUB inalikataa. Nifanye nini sasa hivi?

Kwanza, usisakinishe upya. Mara nyingi jambo limekwenda hivi: wakati wa kusakinisha Debian au Trisquel ulichagua kibodi ya Kifaransa, ukaandika nenosiri la LUKS (usimbaji wa diski wa Linux), kisakinishi kikalipokea vizuri. Kompyuta ikazimwa na kuwashwa, na anayeuliza nenosiri sasa ni GRUB, mwenye jedwali la Marekani. Nenosiri halijaharibika.

Njia ya haraka ni kuandika kwa mahali pa kitufe, bila kujali kilichochapwa juu yake. Weka picha ya kibodi ya Marekani mbele yako, kwenye simu au kwenye karatasi. Soma nenosiri lako herufi kwa herufi, tafuta kila herufi iko wapi kwenye picha ile, kisha bonyeza kitufe kilicho mahali hapo kwenye laptopu yako. Mwenye AZERTY ambaye nenosiri lake lina herufi a atabonyeza kitufe kilichoandikwa Q.

Ukitaka kuhakikisha kabla, toka kwenye swali la nenosiri, bonyeza C ukiwa kwenye menyu, na utapata mstari wa amri. Hapo herufi zinaonekana. Jaribu zile unazozishuku mojamoja. Nakuomba usiandike nenosiri zima pale: anayepita nyuma yako ataliona, na ukipitisha mstari kwa Enter, mshale wa juu utalirudisha mpaka kompyuta izimwe. Ukisharidhika, andika:

```
cryptomount -a
```

Hiyo itauliza nenosiri la kila diski iliyosimbwa inayoonekana. Uwe na subira baada ya kubonyeza Enter. GRUB hufanya hesabu za kufungua LUKS polepole kuliko Linux, na kwenye laptopu ya zamani kimya hicho kinaweza kudumu kiasi cha kukufanya udhani imekwama. Ikifunguka, rudi kwenye menyu kwa Esc na uendelee kuwasha kama kawaida.

Ukiingia, fanya jambo moja kabla ya jingine lolote: ongeza nenosiri la pili la akiba ambalo halijali mpangilio. LUKS1 ina nafasi nane za funguo na LUKS2 ina nyingi zaidi, kwa hiyo la zamani hulipotezi.

```
sudo cryptsetup luksAddKey /dev/sda2
```

Weka sehemu yako halisi ya diski badala ya `/dev/sda2`. Herufi ambazo hazihami kati ya mpangilio wa Marekani, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani ni zote isipokuwa a, m, q, w, y na z. Epuka hizo sita, epuka namba na alama, na utumie herufi ndogo tu. Maneno kama kiboko, pilipili, jogoo na ndege yanapita. Ila usichukue haya niliyoyataja, na usichukue methali. Chagua kwa kura maneno sita au saba yasiyohusiana. Nenosiri la namna hii litakuokoa siku utakapopachika diski kwenye kompyuta ya mtu mwingine, au siku chipu itakaporudishiwa programu dhibiti yenye jedwali la Marekani.

## Naweza kujaribu mpangilio mwingine bila kuandika chochote kwenye chipu?

Ndiyo, na ningependa kila mtu aanzie hapa. Amri ya `keymap` ya GRUB hukubali njia kamili ya faili, kwa hiyo unaweza kusoma jedwali kutoka kwenye flashi ya USB, ukalitumia kwa dakika chache, na ukizima kompyuta limetoweka.

Chukua flashi yenye FAT, weka humo faili la jedwali lenye jina fupi, tuseme `fr.gkb`. Ichomeke kabla ya kuwasha. Ukifika kwenye menyu bonyeza C, kisha:

```
ls
keymap (usb0,msdos1)/fr.gkb
```

Amri ya kwanza inakuonyesha majina ya diski. Flashi huwa `usb0`, na kama imegawanywa kwa GPT utaona `gpt1` badala ya `msdos1`.

Kuna kikwazo kimoja: amri hii yenyewe unaiandika wakati jedwali bado ni la Marekani. Kwenye kibodi ya AZERTY, ili upate neno `keymap` utabonyeza vitufe vilivyoandikwa K, E, Y, kisha kitufe cha mkato, kisha Q, kisha P. Mabano ni Shift na 9, Shift na 0. Mkato utaupata kwenye kitufe cha nukta-mkato, nukta kwenye kitufe cha nukta pacha, na mkwaju kwenye kitufe cha alama ya mshangao kilicho kushoto kwa Shift ya kulia. Ukibonyeza Enter na GRUB isiseme kitu, jedwali limepokelewa. Andika `azerty` na uone.

Ikikujibu kwamba faili halipo, rudia `ls (usb0,msdos1)/` uone lilivyoandikwa hasa. Ikilalamikia faili lenyewe, basi uliloweka si jedwali la GRUB, pengine ni la Linux ulilolibadilisha jina tu.

Jaribu kila alama iliyomo kwenye nenosiri lako, zikiwemo zile zinazohitaji AltGr. Ukiridhika, `cryptomount -a` hapohapo na uingie. Nikiwa na kibodi nisiyoizoea hufanya hivi siku kadhaa kabla ya kugusa chipu.

## Faili la .gkb ni nini?

Ni jedwali dogo sana. Lina alama ya utambulisho `GRUBLAYO`, namba ya toleo, kisha orodha nne zenye nafasi 160 kila moja: kitufe kikiwa peke yake, kikiwa na Shift, kikiwa na AltGr, na kikiwa na AltGr pamoja na Shift. Yote hayo ni baiti 2572. Lako likiwa na ukubwa tofauti, limekatika au si lenyewe.

## Nalitengenezaje?

Huenda huhitaji. Libreboot huja na majedwali kadhaa, na majina yake utayakuta mwishoni mwa majina ya mafaili ya ROM, yaani yale yanayoandikwa kwenye chipu: `usqwerty`, `ukqwerty`, `frazerty`, `frdvbepo`, `deqwertz`, `esqwerty`, `itqwerty`, `svenska`, `usdvorak`, `colemak` na mengine. Ukichukua chanzo cha Libreboot, mafaili yenyewe yako kwenye folda ya `keymap` chini ya usanidi wa GRUB.

Kama lako halimo, unahitaji vifaa viwili. `ckbcomp`, iliyomo kwenye kifurushi cha console-setup cha Debian, husoma mipangilio ya XKB (mfumo wa kibodi unaotumika kwenye Linux) na kuitoa kwa maandishi. `grub-mklayout`, iliyomo kwenye grub-common, hugeuza maandishi hayo kuwa .gkb.

```
ckbcomp fr > fr.txt
grub-mklayout -i fr.txt -o fr.gkb
```

Kuna pia `grub-kbdcomp -o fr.gkb fr`, ambayo hufanya yote mawili kwa mkupuo. Mimi napendelea hatua mbili, kwa sababu faili la katikati linasomeka na unaweza kulirekebisha kwa mkono. Aina ndogo ya mpangilio huiandika baada ya jina, kama `ckbcomp us dvorak`.

`grub-mklayout` itakutolea mlolongo wa maonyo kuhusu vitufe isivyovijua. Usishtuke. Vingi ni vitufe vya sauti, vya mwanga, na vile vya kuunganisha alama juu ya herufi. Kinachofaa kukushtua ni onyo linalotaja alama unayoihitaji.

## Nataka kuhamisha vitufe viwili tu. Lazima nitafute mpangilio mzima?

Hapana. Fungua `fr.txt`, au la `us` au `gb` kama ndilo unalolitumia. Mistari inayohusika huanza na neno `keycode`, namba ya kitufe, alama ya usawa, kisha safu: ya kwanza ni kitufe peke yake, ya pili ni Shift, ya tatu AltGr, ya nne vyote viwili. Kitufe kilicho mahali pa A ya Marekani ni namba 30, cha Q ni 16, cha Z ni 44, cha W ni 17. Badilisha safu unazotaka, pitisha tena `grub-mklayout`, jaribu kwa flashi.

Matumizi mazuri ya jambo hili niliyoyaona ni kwenye laptopu yenye kitufe kilichokufa. Kitufe cha N kikigoma, na kibodi mpya haipatikani mjini kwako, unaweza kuiweka N kwenye AltGr pamoja na B, na nenosiri likaandikika.

## Naweza kubadilishana Ctrl na Caps Lock?

Si kwa .gkb. GRUB huvitambua Shift, Ctrl, Alt na Caps Lock kwa namba zake kabla haijafungua jedwali, kwa hiyo chochote utakachoandika kwenye jedwali kuhusu vitufe hivyo hakitafanya kazi.

Kwa kubadilishana Fn na Ctrl kwenye ThinkPad, ambalo ni ombi la wengi kwa kuwa Fn imekaa pembeni kabisa, coreboot ina chaguo lake kwa baadhi ya modeli. Ukiwa ndani ya Linux andika `sudo nvramtool -a`. Ukiona `fn_ctrl_swap` kwenye orodha:

```
sudo nvramtool -w fn_ctrl_swap=Enable
```

Hapo badiliko linafanywa na chipu inayosimamia kibodi yenyewe, kwa hiyo litashika kwenye GRUB na kwenye Linux pia.

## Je, kuna mpangilio wa Kiswahili?

XKB inayo miwili: `tz` kwa Tanzania na `ke` kwa Kenya. Kwa `ckbcomp` unaweza kuigeuza kama mwingine wowote. Ila kwa GRUB nashauri ufuate kilichochapwa kwenye vitufe vyako, `us` au `gb`. Kiswahili hakihitaji herufi yoyote ambayo haipo kwenye mipangilio hiyo, ritifaa ya ng' imo, na hapa kazi yako ni kuandika nenosiri na amri chache tu. Kwa wenzetu wa Kongo, XKB ina mpangilio wa `cd`. Kama laptopu yako ina AZERTY ya kawaida ya Ufaransa, `fr` inatosha.

## Nenosiri langu lina é na ç. Yatapita?

Usiyategemee. Jedwali linaweza kubeba herufi hizo na utaziona zikitokea kwenye mstari wa amri, lakini pale penye nenosiri herufi za nje ya ASCII haziaminiki, £ ikiwemo. Na vitufe vya kuunganisha, yaani kubonyeza ^ kisha e upate ê, GRUB haina kabisa. Badili nenosiri ukiwa ndani ya Linux kabla hujaanza kulitumia kwenye GRUB.

## Nimejaribu, nimeridhika. Naliwekaje jedwali ndani ya chipu?

Anza na nakala ya kilichomo kwenye chipu yako. Watu wengi hupakua ROM mpya kutoka kwenye mtandao, wakabadilisha jedwali, wakaiandika. Kwenye kompyuta mpya kidogo kama X230 au T440p, ROM inayopakuliwa huenda haina vipande vya kampuni ambavyo lazima viingizwe kwanza, na pia haina anwani ya kadi yako ya mtandao. Ukisoma chipu yako mwenyewe, vyote hivyo tayari vimo, na unachobadilisha ni faili moja dogo.

Chomeka chaja. Linux iwashwe kwa kuongeza `iomem=relaxed` kwenye mstari wa keneli, la sivyo haitaruhusu kuifikia chipu. Kisha:

```
sudo flashprog -p internal -r asili.rom
sudo flashprog -p internal -r asili2.rom
sha256sum asili.rom asili2.rom
```

Namba mbili lazima zilingane. Zikitofautiana, simama hapo. Usomaji wako hauaminiki na uandishi hautaaminika. Zikilingana, weka `asili.rom` kwenye flashi na mahali pengine nje ya kompyuta hii. Kama una `flashrom` badala ya `flashprog`, amri hizi ni zilezile.

Sasa tazama kilichomo:

```
cp asili.rom mpya.rom
cbfstool mpya.rom print
```

`cbfstool` hutoka kwenye chanzo cha coreboot, folda ya `util/cbfstool`. Libreboot za karibuni huweka jedwali kama faili la `keymap.gkb`, na GRUB hulitafuta yenyewe ikianza. Ukiliona kwenye orodha, litoe uweke lako:

```
cbfstool mpya.rom remove -n keymap.gkb
cbfstool mpya.rom add -n keymap.gkb -f fr.gkb -t raw
```

Jina ndani ya chipu libaki `keymap.gkb`, hata kama faili lako linaitwa vingine.

Kwenye matoleo ya zamani utaona `grub.cfg` kwenye orodha na hutaona `keymap.gkb`. Hapo litoe nje, `cbfstool mpya.rom extract -n grub.cfg -f grub.cfg`, utafute mstari kama `keymap usqwerty`, uubadilishe. Ukitaka moja ya yale yanayokuja na Libreboot, andika jina lake tu. Ukitaka la kwako, liongeze kwenye ROM kwa `add` kama hapo juu kwa jina ulilochagua, na mstari uwe `keymap (cbfsdisk)/fr.gkb`. Kisha ondoa `grub.cfg` ya zamani na uongeze uliyoihariri. Usiguse mistari mingine siku hiyohiyo. Badiliko moja kwa wakati mmoja, ili likiharibika ujue ni lipi.

Mwisho:

```
sudo flashprog -p internal -w mpya.rom
```

Subiri mpaka programu iseme VERIFIED. Ukiona kosa katikati, usizime kompyuta. Mfumo unaoendelea kufanya kazi tayari uko kwenye kumbukumbu, hauhitaji chipu kwa wakati huo, na unaweza kuiandika tena `asili.rom` ukiwa hapohapo. Kosa la kuzima kwa hofu ndilo linalowapeleka watu kwa fundi.

Likifanikiwa, zima kabisa, washa, jaribu.

## Na nikikosea, laptopu itakufa?

Kwa kosa la jedwali lenyewe, hapana. Ukiweka la Kijerumani kwenye kibodi ya Kifaransa, kompyuta itawaka, na utaandika kwa mahali pa kitufe mpaka uingie na kurekebisha. Na `keymap` kwa flashi bado inafanya kazi.

Kwa kosa la uandishi wa chipu, GRUB isipotokea kabisa, utahitaji kuiandika kutoka nje kwa klipu. Kwenye X200 chipu ya 4MB ina miguu minane na ya 8MB ina kumi na sita, kwa hiyo tazama yako kabla ya kununua klipu. Kuhusu kifaa cha kuandikia, kile cha CH341A cheusi kinachouzwa kwa bei rahisi hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data wakati chipu hizi ni za volti 3.3, na kimeshaua mbao mama za watu. Raspberry Pi Pico yenye programu ya serprog ni rahisi pia na inatoa 3.3. Kama hujawahi kufanya kazi hii, mpe fundi mwenye uzoefu wa chipu za BIOS pamoja na `asili.rom` yako. Akiwa na hilo faili kazi yake ni fupi.

## Kompyuta yangu inaanza na SeaBIOS. Nitaweka wapi jedwali?

SeaBIOS haina mipangilio ya kibodi. Menyu yake huchaguliwa kwa Esc na namba, ambazo hazisumbui, isipokuwa kwa mwenye AZERTY: bonyeza kitufe cha namba bila Shift. Kwenye ROM za Libreboot ambazo SeaBIOS hutangulia na GRUB kufuata, jedwali la GRUB hufanya kazi kama kawaida ukifika huko.

## Sina Libreboot, nina UEFI ya kawaida. `keymap` inakubali lakini haibadilishi kitu.

Kwa sababu hapo GRUB haisomi kibodi yenyewe. Inapewa herufi zilizokwisha tafsiriwa na programu dhibiti ya kampuni. Unaweza kujaribu kuiamuru isome moja kwa moja kwa `terminal_input at_keyboard`, kisha `keymap`. Kwenye laptopu nyingine inakubali, kwenye nyingine kibodi inanyamaza na unalazimika kuzima kwa kitufe. Ijaribu kwenye mstari wa amri kabla ya kuiweka kwenye faili lolote la kudumu.

## Kibodi ya USB inafuata jedwali lilelile?

Ndiyo. Ya ndani na ya USB zote hupitia moduli moja ya `keylayouts`. Hilo lina maana kwamba ukichomeka kibodi ya Marekani kwenye laptopu yenye jedwali la Kifaransa, utapata tatizo kwa upande wa pili. Anayeongoza kompyuta kwa waya wa serial kutoka mashine nyingine haguswi na jedwali, maana huko herufi zinafika zikiwa herufi tayari.

## Linux ikianza, mpangilio unabadilika tena. Kwa nini?

Jedwali la GRUB huishia pale keneli inapoanza. Linux ina lake: kwenye Debian na ndugu zake liko `/etc/default/keyboard`, kwenye mifumo mingine yenye systemd ni `/etc/vconsole.conf`. Kama initramfs, mfumo mdogo wa muda unaoanza kabla ya Linux kamili, ndiyo inayouliza nenosiri mara ya pili, lazima nayo ijengwe upya baada ya kubadilisha, kwa mfano `sudo update-initramfs -u`. Wengi hudhani GRUB imesahau, kumbe swali la pili la nenosiri limeulizwa na programu nyingine yenye jedwali jingine.

## Nimetengeneza jedwali ambalo Libreboot haina. Nilipeleke?

Lipeleke. Ni faili la baiti 2572 kwenye folda ya `keymap`, na atakayekuja baada yako Lubumbashi au Zanzibar hatapita njia hii tena. Peleka na amri uliyoitumia kulizalisha, pamoja na `fr.txt` yako kama uliihariri kwa mkono, ili wanaotunza mradi waweze kulijenga upya wenyewe wakahakikisha. Lipe jina kwa mtindo wao, lugha kisha aina ya kibodi, na useme umelijaribu kwenye modeli gani.